Mlo na Maumivu ya Viungo: Jongo, Baridi Yabisi na Chungu cha Ndau

Katika nyumba nyingi za mwambao wa Kenya, maumivu ya viungo yasiyokwisha hupewa jina moja: baridi yabisi. Mvuvi anayeamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kilichovimba ana baridi yabisi. Bibi ambaye vidole vyake havikunjuki asubuhi hadi jua lipande ana baridi yabisi. Mzee anayelalamikia magoti kila anapoinuka msalani naye ana hiyo hiyo. Hao watatu wanaumwa maradhi tofauti. Kila mmoja anapouliza ale nini na aache nini, jibu linategemea ni ugonjwa upi hasa alionao, kwa sababu samaki yule yule anayemfaa bibi anaweza kumrudishia mvuvi maumivu yake. Ushauri mwingi wa mlo, uwe umetoka hospitalini au kwa mganga, hukosea hapo. Hutolewa kabla ugonjwa haujajulikana, na aghalabu huwa umetungwa kwa kuangalia chungu cha watu wengine.

Chungu kinachoangaliwa hapa ni cha Ndau, kisiwa cha Wabajuni kilichoko Lamu Mashariki, kati ya Pate na Kiwayu. Watu wake huishi kwa bahari: uvuvi wa samaki wa miamba na wa kina, upigaji mbizi wa kamba mawe wakati wa kaskazi maji yanapotulia na kutakata, na ukataji wa boriti za mikoko. Zamani Wabajuni wa visiwa hivi walikuwa pia wakulima. Walivuka kwenda bara kulima mtama, mahindi na simsim, wakarudi na mavuno yao. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa katika mashamba hayo, na wengi hawakurejea. Nafaka ya kulima ilipopungua, ya kununua ilishika nafasi yake: mchele, unga wa ngano na unga wa mahindi wa dukani, pamoja na sukari. Mabadiliko haya yana uzito katika hesabu ya maradhi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mtu anapotafuta chakula kilichomletea maumivu hutazama kitoweo kwanza na kulisahau bakuli la sukari.

Elimu ya mlo kama tiba si jambo geni Lamu. Waswahili walirithi, kupitia vitabu vya Kiarabu na mafunzo ya waganga, tiba ya mizani iliyoanzia kwa Wayunani na kupangwa upya na wanazuoni wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina, aliyekamilisha Al-Qanun fi al-Tibb mnamo mwaka 1025. Katika elimu hiyo mwili una tabia nne: damu, balghamu, safura na sauda. Kila chakula nacho kina tabia yake, ya moto au ya baridi, kavu au ya majimaji. Jina la baridi yabisi limetoka humo. Mwenye maumivu ya mifupa huambiwa aepuke madafu, tango na vitu vichachu, atumie tangawizi, asali na pilipili manga. Rebecca Gearhart na Munib Abdulrehman, walioandika juu ya usafi, mizani na afya kwa Waswahili wa Lamu, wameonyesha kwamba fikra hii ingali hai na ndiyo inayoongoza maamuzi ya jikoni.

Haifai kuidharau. Msingi wake mkuu ni kwamba mwili na chakula vinasemezana, na kwamba kinachomfaa mmoja hakimfai lazima mwingine. Msingi huo ni sahihi. Waganga wa jadi hiyo ndio waliotumia suranjani, mmea ambao ndani yake mna kolchisini, dawa inayotumika hadi leo kutuliza shambulio la jongo. Upungufu wake uko katika jina lenyewe la ugonjwa. Kwa kuyaita maumivu yote baridi, iliyaunganisha maradhi ambayo sayansi ya karne mbili zilizopita imeyatenga.

La kwanza ni uchakavu wa viungo, unaoshika zaidi magoti, nyonga na mikono ya watu wazima. Gegedu inayofunika ncha za mifupa hulika, mfupa hujibu kwa kuota vinundu, na kiungo huuma kinapotumika na kupoa kinapopumzishwa. Hakuna chakula kinachoiotesha gegedu upya. Mlo huingia hapa kupitia uzito wa mwili. Vipimo vya mwendo vimeonyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo zipatazo nne katika kila hatua. Mwaka 2013 Stephen Messier na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti mabovu. Waliochanganya kupunguza chakula na mazoezi kwa miezi 18 walipata nafuu ya maumivu kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Kwa Ndau, nafuu hiyo iko katika mahamri ya asubuhi, sambusa za jioni na kiasi cha wali kinachopakuliwa, si katika samaki.

La pili ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utando wa ndani wa viungo. Hushika wanawake zaidi ya wanaume, huanza kwenye vifundo vidogo vya mikono yote miwili, na ugumu wa asubuhi hudumu zaidi ya saa moja. Huu ndio ambao vitabu vingi vya Kiswahili huuita baridi yabisi kwa maana finyu. Hapa samaki ni rafiki. Mafuta ya omega-3 huingia katika kuta za chembechembe za mwili na kupunguza kemikali zinazowasha mwako. Mapitio ya majaribio 17 yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa wagonjwa waliomeza mafuta hayo kwa miezi mitatu au minne walipungukiwa na maumivu, muda wa ugumu wa asubuhi na haja ya dawa za kutuliza. Kiasi kilichotumika katika majaribio ya aina hiyo ni kikubwa, mara nyingi kama gramu 3 kwa siku, na sahani ya kawaida ya samaki haikifikii. Hata hivyo vibua na simu, samaki wadogo wenye mafuta ambao wenye pesa huwadharau, wana omega-3 nyingi kuliko changu au tewa anayesifiwa kwa nyama yake nyeupe. Nchini Norway, Jens Kjeldsen-Kragh na wenzake waliripoti mwaka 1991 kwamba wagonjwa waliofunga kwa siku chache kisha wakala mlo usio na nyama kwa mwaka mmoja walipata nafuu kuliko wenzao. Nafuu hizi ni za kweli lakini hazizuii kiungo kuharibika. Kazi hiyo ni ya dawa kama metotreksati, na mwanamke anayecheleweshwa kuzipata kwa miaka miwili akijaribu vyakula hupoteza vidole ambavyo havirudi.

La tatu hutajwa kwa uchache, ila halipaswi kuachwa katika mwambao wenye historia ndefu ya malaria. Mtoto anayelia mifupa mara kwa mara, mwenye macho ya manjano na damu pungufu, huenda ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba kubeba nusu ya urithi huo kunakinga dhidi ya malaria, na ndiyo sababu umekithiri palipo na malaria. Mtoto wa namna hii anahitaji maji mengi, asidi ya foliki na kliniki. Kumpangia vyakula vya moto na vya baridi ni kumpotezea wakati.

La nne ni jongo, au gauti kama linavyoitwa sasa hata vijijini, na hilo ndilo lenye uhusiano wa karibu zaidi na kinacholiwa. Kwa miaka mingi madaktari wa kikoloni waliamini kuwa Waafrika hawaugui jongo. Mwaka 1947 Hugh Trowell, daktari wa Mulago mjini Kampala, aliona mgonjwa mmoja kutoka Ruanda anastahili kuandikiwa makala nzima katika East African Medical Journal. Leo hakuna kliniki ya viungo Afrika Mashariki ambayo ingeshangazwa na mgonjwa wa aina hiyo.

Jongo husababishwa na asidi ya yuriki. Kila chembe hai ina purini. Chembe inapokufa, au inapoliwa, purini huvunjwa na mwisho wake huwa asidi hiyo. Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachoiyeyusha zaidi, lakini mababu wa binadamu walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Theluthi mbili ya asidi yote hutokana na mwili wenyewe kujijenga na kujibomoa, na theluthi moja tu hutoka kwenye chakula. Figo hutoa theluthi mbili kupitia mkojo, utumbo hutoa iliyobaki. Kama chumvi inavyotuama chini ya maji yaliyokolea kupita kiasi, ndivyo asidi inavyogeuka fuwele inapozidi takriban miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, hasa penye ubaridi. Kidole gumba cha mguu kiko mbali na moyo, hupoa usiku, na ndicho kinachoshikwa kwanza. Fuwele hizo ni nyembamba na zenye ncha. Antonie van Leeuwenhoek aliziona kwa hadubini yake mwaka 1679, na mwaka 1848 Alfred Garrod wa London alionyesha asidi iliyozidi katika damu ya wagonjwa. Ilichukua hadi mwaka 1961 kwa Daniel McCarty na Joseph Hollander kuzitambua ndani ya majimaji ya kiungo, na tangu hapo kutoa majimaji hayo kwa sindano kumekuwa ushahidi usio na ubishi.

Shambulio lisilotibiwa huisha lenyewe baada ya wiki moja au mbili. Tabia hiyo imeleta hasara kubwa. Dawa yoyote iliyotumiwa siku ya kumi, iwe mzizi, kombe au kuacha pweza, hupata sifa isiyostahili, na fuwele hubaki zikijikusanya hadi shambulio lijalo.

Vijarida vya kawaida kuhusu jongo huanza na bia, kisha nyama nyekundu. Kwa kisiwa cha Waislamu ambako ng'ombe huchinjwa kwa harusi na sikukuu, vijarida hivyo vimeisha kazi kabla ya kufika ukurasa wa pili. Chungu cha Ndau kinahitaji orodha yake.

Viumbe vya bahari vina purini, lakini havilingani. Dagaa, simu na vibua wako juu kabisa. Ng'onda na papa mkavu huzidi samaki wabichi kwa uzito ule ule, kwa kuwa maji yameondoka na purini zimebaki. Kamba mawe na chaza nao wamo, ingawa kamba wengi wa Ndau hawafiki chunguni: huuzwa kwa wachuuzi na kusafirishwa. Samaki wa miamba kama changu na tafi wako katikati. Njia ya kupika ina athari ambayo mpishi yeyote anaweza kuitumia. Purini huyeyuka katika maji, hivyo samaki aliyechemshwa huacha sehemu yake kwenye supu. Mgonjwa aliyekula minofu na kuacha supu amekula purini chache kuliko aliyekula minofu na kunywa supu yake, na desturi ya kumpa mgonjwa supu nzito ya samaki ili apate nguvu humdhuru mwenye jongo.

Hyon Choi na wenzake walifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 nchini Marekani kwa miaka 12, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Waliokula sana vyakula vya bahari walikuwa na hatari ya jongo iliyozidi kwa takriban nusu ile ya waliokula kidogo. Matokeo mawili mengine ya utafiti huo hayajasikika vya kutosha mwambaoni. Mboga na vyakula vya jamii ya kunde vyenye purini hazikuongeza hatari. Kwa hiyo mbaazi za nazi, kunde, pojo na mchicha, ambavyo wagonjwa wengi hukatazwa, vinaruhusiwa, na ndivyo vinavyoweza kushika nafasi ya samaki siku kadhaa za wiki. Aidha, waliokunywa maziwa walipata jongo kwa uchache zaidi, kwa sababu protini za maziwa huzisaidia figo kuitoa asidi. Maziwa lala na mtindi wanaouza wafugaji wa bara vina faida hapa, vikipatikana.

Kisha ipo sukari. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na ini linapoivunja fruktosi kwa haraka hutumia akiba yake ya nishati na kumwaga purini kama taka. Mwaka 2008 Choi na Gary Curhan walionyesha kuwa wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuwa na athari hiyo. Chai ya Ndau, iliyotiwa sukari hadi ikolee na kunywewa mara nne au tano kwa siku, pamoja na sharubati za vifurushi na halwa, ndiyo sehemu ya mlo inayostahili kubadilishwa kwanza. Mwenye jongo akiambiwa aache samaki kisiwani ameambiwa aache protini kuu ya bei nafuu aliyonayo. Akiambiwa apunguze sukari ameambiwa jambo ambalo mwili wake hautalipia kwa chochote, na ambalo litamfaa pia kwa kisukari na shinikizo la damu.

Maji ni suala gumu zaidi kuliko linavyoonekana katika ushauri wa mjini. Mwili uliokauka hukoleza asidi katika damu na katika mkojo, na mpiga mbizi anayeshinda juani bila kunywa hurudi nyumbani akiwa tayari kwa shambulio. Visiwa vya Lamu Mashariki hutegemea sana mvua inayokusanywa kwenye majabia, na visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Kumwambia mtu anywe lita mbili au tatu kwa siku jabia likiwa limebaki tope ni kumwambia neno lisilo na maana. Hivyo jabia lililozibwa nyufa ni sehemu ya tiba ya jongo sawa na kidonge.

Kuhusu vitu vichachu, jadi na maabara hazikubaliani. Ndimu na ukwaju havitii damu uchachu. Sitreti iliyomo katika ndimu huufanya mkojo upungue uchachu na kuzuia mawe ya figo, ambayo wenye jongo hupata mara nyingi. Mgonjwa wa jongo anayeacha ndimu kwa kuogopa baridi amejinyima kitu kinachomfaa. Tangawizi na manjano, ambavyo jadi hupendekeza, havina madhara katika kiasi cha mapishi, na majaribio madogo ya manjano kwa wenye magoti mabovu yametoa nafuu kidogo.

Baada ya yote hayo, yapaswa kusemwa wazi mlo unafika wapi. Mlo mkali wa purini chache hushusha asidi kwa takriban miligramu 1 kwa desilita. Mwenye miligramu 7 anaweza kushuka chini ya mpaka kwa hilo peke yake. Mwenye 10 hawezi, hata akila wali mkavu mwaka mzima. Uchambuzi wa Tanya Major na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2018, uligundua kuwa kila chakula kilichochunguzwa kilieleza chini ya asilimia 1 ya tofauti za asidi baina ya watu, huku urithi ukieleza karibu robo nzima. Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki, walaji wa samaki kama Wabajuni, waliambiwa kwa miongo mingi kwamba jongo lao ni matunda ya ulaji wao. Uchunguzi wa urithi umeonyesha kuwa wengi wao wamezaliwa na njia hafifu za kuitoa asidi mwilini. Aibu ile iliwafanya wengine wakae mbali na kliniki, wakijaribu kujirekebisha kwa chakula hadi viungo vikaharibika. Yafaa aibu hiyo isiletwe Lamu.

Dawa ya kushusha asidi ipo tangu mwaka 1966: alopurinoli, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Ni ya bei nafuu. Huanzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6, kisha hutumiwa kwa miaka. Wakati huo huo vidonge vingine vinahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa dawa za kupunguza maji zinazotolewa sana kwa shinikizo la damu, pamoja na aspirini ya kipimo kidogo, hupandisha asidi. Mzee aliyeacha kamba, pweza na dagaa na bado anaumwa huenda anakimeza chanzo cha maumivu yake kila asubuhi. Hapaswi kukiacha mwenyewe. Daktari anaweza kumbadilishia.

Anayetaka kujua kama chakula fulani kinamuumiza hana budi kubadilisha kimoja kimoja, kwa majuma kadhaa, akiandika siku za maumivu. Anayeacha vitu kumi kwa pamoja hatajua kamwe kipi kilikuwa na kosa, na huishia kudhoofu. Kipimo cha damu nacho kina wakati wake. Asidi inaweza kuonekana ya kawaida katikati ya shambulio, hivyo ni bora kipimwe tena wiki mbili au zaidi baada ya kutulia. Kwa mtu wa Ndau maana yake ni safari ya boti hadi Faza au hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na wakati wa kusi safari hiyo haina uhakika. Wenye kupanga huduma za kisiwa wangeokoa viungo vingi kwa kuhakikisha kipimo hicho kinafanyika karibu.

Mwezi wa Ramadhani hukusanya mambo haya yote mahali pamoja: kiu ya mchana, futari ya sharubati, sambusa na supu, na usiku mfupi. Mwenye jongo anayeweza kufunga hufuturu kwa maji na tende chache badala ya sharubati, hunywa maji kidogo kidogo hadi daku, na huacha supu ya samaki kwa wengine. Alopurinoli humezwa mara moja kwa siku, hivyo inakaa vizuri kwenye futari baada ya chakula bila kugusa saumu. Shambulio likianza katikati ya mwezi, kidonge hicho hakikatizwi. Huongezewa dawa ya kutuliza, na mgonjwa aliye katika maumivu makali ana ruhusa ya sheria kula na kulipa siku zake baadaye.